Utalii endelevu Kilimanjaro hauishii kwenye taka

Wengi wanaofungua kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro hudhani utalii endelevu ni kushusha taka na kupanda miti. Taka zishushwe, ndiyo. Lakini mlima huu wa mita 5,895 wageni hawaupandi bila wapagazi, na hapo ndipo kampuni hupimwa kweli: mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, ale ashibe, alale kwenye hema lisilovuja, alipwe ujira kamili bila kungoja bahashishi ya mgeni izibe pengo. Yote haya yana gharama. Ndiyo maana safari ya bei ya kutupa hunitia shaka sana. Ada za hifadhi hupangwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania; kampuni haiwezi kuzipunguza. Kinachobaki kukatwa ni chakula na malipo ya mpagazi.