Kwa nini hita ndogo ya pikapu hung'olesha dashibodi nzima?

Hita yenyewe waweza kuishika kwa mkono mmoja. Ni rejeta ndogo ya ukubwa wa kitabu kinene, yenye mirija miwili tu. Lakini ukimpelekea fundi wa Nairobi pikapu ya miaka ya 1980 au 1990 na kumwambia hita inavuja, huenda akashauri kwanza "kuikata": paipu mbili zinazoingia kwenye kebini zinaunganishwa chini ya boneti kwa kipande cha hosi kilichopindwa, na hita inaachwa ikauke pale ilipo.

Si uvivu. Kulanti (maji ya kupozea injini) ya moto kutoka kwenye injini hupita ndani ya hita, feni hupuliza hewa kati ya mapezi yake, na hewa hiyo lazima igawanywe: nyingine ipande kwenye kioo, nyingine ishuke miguuni. Mahali pa kuigawa ni katikati kabisa ya dashibodi. Kiwandani, kasha la hita hufungwa kwanza kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na kebini, kisha dashibodi hufunikwa juu yake. Kuitoa ni kurudi njia ile ile kinyumenyume. Baadhi ya pikapu zina huruma, unatoa kisanduku cha mbele ya abiria na kasha linateleza nje. Nyingi hazina.

Na mji usioona theluji unahitaji hita ya nini? Muulize anayepanda Limuru alfajiri ya Julai, kioo kimejaa ukungu kwa ndani na anakifuta kwa kiganja. Hewa ya moto ndiyo hukausha kioo. Tena katika baadhi ya injini, mkondo wa hita ndio njia ya maji kuzunguka wakati thamostati, vali inayosubiri injini ipate moto, bado imefunga. Kwa hiyo kuunganisha paipu kwa hosi kwaweza kukufikisha nyumbani, lakini kuziziba kwa bolti ni kutafutia injini joto.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mhalifu ni hita. Ikivuja, kioo hupata utando wa mafuta usiofutika vizuri, kebini hunuka utamu-utamu, na zulia la upande wa abiria hulowa maji yanayoteleza kati ya vidole. Maji matupu yasiyonuka ni kisa kingine: mfereji wa eisi (kipoza hewa cha kebini) umeziba, au mvua inaingia chini ya waipa kwa sababu matundu ya kutolea maji yamejaa takataka. Msimu wa jakaranda, kuanzia Septemba, maua peke yake yatosha kuyaziba. Njia ya uhakika ni kufunga pampu ya kupimia mahali pa kifuniko cha rejeta, kupandisha hadi shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko (mara nyingi 0.9 bar) na kutazama mshale kwa robo saa. Ukishuka bila tone kuonekana chini ya gari, tafuta ndani.

Shinikizo hilo lina maana hapa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kifuniko kizima huyazuia yasichemke mapema, na msukumo huo huo hutafuta ufa wa lehemu iliyochoka. Ndiyo maana hita yaweza kuwa kavu asubuhi na kutiririka kwenye foleni ya jioni.

Kazi yenyewe huanza injini ikiwa baridi. Toa waya hasi wa betri, sogeza swichi ya joto hadi mwisho ili bomba la hita lifunguke, kisha mwaga lita 3 au 4 za kulanti kwenye beseni lenye kifuniko. Ni tamu na ni sumu, mbwa na paka huilamba. Kwenye hosi ndipo wengi huharibu. Hosi kuukuu huwa imegandamana na mrija, na ukiizungusha kwa koleo utapasua lehemu hata ya hita iliyokuwa nzima. Ichane kwa wembe kwa urefu, uivue kama ganda, ununue mpya. Nyingi ni za milimita 16 kwa ndani, lakini nenda na kipande cha zamani dukani.

Piga picha kila hatua na weka skrubu za kila sehemu kwenye mfuko wake. Tia alama mahali klipu inapobana waya wa kuongozea vibao vya hewa, kwani ikihama sentimita moja kibao hakitafunga, na utadhani hita mpya ni mbovu. Paipu za gesi ya eisi usizifungue. Zikiwa njiani kweli, gesi itolewe kwanza na fundi wa eisi mwenye mashine.

Ukifika Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi, kutafuta nyingine, iwekee ile ya zamani ubavuni: upande wa mirija, unene, kipenyo. Ya mtumba kutoka Japani ijaribiwe kwenye karai la maji kwa hewa ya bar 1 kabla ya kulipa. Ya shaba yaweza kulehemiwa na fundi wa rejeta. Ya alumini, nunua nyingine. Dawa ya kuziba uvujaji tusiizungumzie sana: mirija ya ndani ya hita ni myembamba, na ndiyo ya kwanza kuzibwa nayo.

Bandika sponji mpya pande zote za hita ndani ya kasha. Bila hiyo hewa hupita pembeni na kutoka vuguvugu. Sasa, kabla dashibodi haijarudi, funga hosi, jaza kulanti, washa injini na upitishe karatasi kavu ya tishu kwenye viungio. Anayeruka hatua hii huifanya kazi yote mara mbili.

Changanya kulanti nusu kwa nusu na maji safi ya betri (si asidi). Hapa haizuii barafu, inazuia kutu, na maji ya kisima yenye chumvi ndiyo huwa yameila hita ya kwanza. Kutoa hewa iliyonaswa kwenye mkondo wa kulanti, egesha pua ya gari ikitazama mlimani, acha kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, iwashe ingurume taratibu huku ukiongeza hadi thamostati ifunguke, kwa kawaida karibu nyuzi 82. Paipu zote mbili za hita zikiwa moto, maji yanapita. Kesho yake asubuhi utaongeza tena kidogo.

Zulia lililolowa litoe nje lote pamoja na sponji ya chini yake, ulioshe kwa maji ya sabuni. Kulanti haikauki kama maji, na bati la sakafu lililo chini ya sponji mbichi huoza kimyakimya.