Kushinda kura za mchujo Marekani sio kubeba wajumbe wote

Kila mchujo wa urais Marekani, yaani kura za chama kumpata mgombea wake, ukiwa wa kubanana naona watu wanasema yule yule aliyeongoza kura kachukua jimbo, sasa wajumbe (wale wanaoenda mkutano mkuu wa chama kumpitisha mgombea) wanahesabiwa nini siku zote hizo, lazima kuna wizi. Hapana jamani. Kwa chama cha Democrats hakuna jimbo linalobebwa zima zima, wajumbe wanagawanywa kwa uwiano kwa kila aliyepata angalau asilimia 15, na wengi wao wanagawanywa wilaya moja moja ya ubunge, sio kwa jumla ya jimbo.

Hapo ndo hesabu inakuwa tamu. Wilaya yenye wajumbe 4 na wagombea wawili, mmoja akipata asilimia 59 mwingine 41 wanatoka 2 kwa 2 kwa sababu mgao unakadiriwa kwa namba nzima, mpaka mtu avuke asilimia 62.5 ndo anapata wa tatu, lakini yenye wajumbe 3 kura moja tu ya ziada inakupa 2. Kwahiyo karani wa kura hawezi kukisia, anasubiri kura za posta za wilaya ile ziishe.

Angalia mchujo wa Democrats wa 2008. Jimbo la Missouri Obama alimshinda Hillary Clinton kidogo sana, wakatoka na wajumbe 36 kila mmoja. Texas ndo kali zaidi, Clinton alishinda kura za mchujo, ila Texas walikuwa pia na mikutano ya wanachama jioni ile ile, nayo ikagawa wajumbe wake, na kule Obama aliongoza, mwisho wa yote Obama akatoka na wajumbe 99, Clinton 94.

Chama kingine, Republicans, wana sheria zao, baadhi ya majimbo kwao mshindi anachukua wote kweli, nadhani ndo chanzo cha mkanganyiko.