Je, wajua kwa nini hewa baridi na hewa ya joto zikikutana huzaa dhoruba?

Tarehe 11 Novemba 1911, joto katika mji wa Oklahoma City, Marekani, lilipanda mchana hadi nyuzi 28 za Selsiasi. Kabla ya siku hiyo kwisha lilikuwa limeporomoka hadi nyuzi 8 chini ya sifuri. Hewa iliyokuwa juu ya mji ilisukumwa kando, ikaingia nyingine iliyotoka mbali kaskazini.

Hewa inayotulia siku kadhaa juu ya eneo pana huchukua tabia za eneo hilo. Ikikaa juu ya barafu huwa baridi na kavu. Ikikaa juu ya bahari yenye joto hujaa mvuke. Hapo huitwa tungamo la hewa, nalo laweza kuenea zaidi ya kilomita elfu moja.

Matungamo mawili yakikutana, mtu angetarajia yachanganyike upesi, yawe vuguvugu. Hayafanyi hivyo, na sababu ni uzito. Kwenye usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa kavu yenye nyuzi 0 ina takriban kilo 1.29, ikiwa na nyuzi 30 hubaki na kilo 1.16 hivi. Ni tofauti ya gramu 130 tu, lakini izidishe kwa anga lenye upana wa mamia ya kilomita. Nzito hukaa chini, nyepesi hupandishwa juu. Kuchanganyika hutokea pale zinapogusana, katika ukanda mwembamba ukilinganisha na ukubwa wa matungamo yenyewe. Ukanda huo ndio fronti.

Jina hilo lina historia yake. Huko Bergen, Norwei, mtaalamu wa hali ya hewa Vilhelm Bjerknes, mwanawe Jacob na wenzao waliuchunguza mpaka huu kwa kutumia vituo vingi vya hali ya hewa vilivyosogeleana. Ilikuwa mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, nao wakauona mpaka huo kama mstari ambapo majeshi mawili yanapambana, ambao kwa Kiingereza huitwa “front”.

Mstari huo, hata hivyo, haukusimama wima kama ukuta. Umelala. Hewa baridi inaposonga mbele hujipenyeza chini ya hewa ya joto kama kabari chini ya gogo, na hewa ya joto hunyanyuliwa kwa nguvu. Inapopanda hutanuka, na kutanuka huipoza kwa karibu nyuzi 10 kila kilomita moja, hadi mvuke uanze kugeuka matone. Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe: mvuke ukigeuka maji huachia joto, na joto hilo huisukuma hewa izidi kupaa. Mawingu hujengeka kama minara, radi zikapiga, mvua ikamwagika kwa kishindo na mara nyingi ikapita upesi.

Hewa ya joto inapokuwa ndiyo inayosonga, mambo huenda polepole. Huipanda hewa baridi kwa mteremko mdogo sana, pengine kilomita moja juu kwa kila kilomita 200 za mbele. Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa dalili huja mapema, wakati mwingine siku nzima kabla. Kwanza huonekana mawingu membamba kama manyoya, juu kabisa. Kisha jua hufifia kana kwamba liko nyuma ya kioo chenye ukungu. Mwishowe wingu zito la kijivu hushuka, na mvua hunyesha taratibu kwa saa nyingi.

Kwa kawaida fronti baridi, ile inayosukumwa na hewa baridi, huenda kasi kuliko fronti ya joto, ile inayosukumwa na hewa ya joto, iliyo mbele yake. Ikiifikia, hewa ya joto iliyokuwa katikati huondolewa kabisa ardhini na kubaki ikielea juu, baridi ikiwa imetanda chini yake. Tofauti ya joto iliyokuwa ikiilisha dhoruba hupungua, upepo ukalegea, na dhoruba ikafa.