Swali alilouliza akiwa mlangoni

Mama mmoja wa Ngamiani (amekubali nisimulie) alikuja kwangu akiwa na rufaa ya Dar mkononi na tiketi ya basi la alfajiri. Saratani ilikuwa imelila taya lake la chini. Madaktari walishamweleza vizuri: taya litakatwa, kisha utachukuliwa mfupa mwembamba wa mguuni, ule ulio pembeni ya muundi, pamoja na mishipa yake ya damu. Utakatwakatwa ufuate umbo la taya, na mishipa iungwe na ya shingoni kwa hadubini. Kazi hiyo huchukua saa 8, pengine hata 12.

Alikuwa ameelewa yote. Alipokuwa akijitanda kanga aondoke, akageuka: "Mwanangu, nitaweza kula mbele za watu?"

Mimi ni mwanasaikolojia tiba hapa Tanga, na swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi. Kwetu kula ni kukaa na watu: sinia la pilau shughulini, futari uani. Baada ya upasuaji wa namna hii mdomo wa chini unaweza kufa ganzi, mate yakatiririka bila mwenyewe kujua, maneno yakawa mazito. Mama huyu hakuwa akiogopa kisu, alikuwa akiogopa sinia. Hatukuwa tumemwandaa kwa hilo.

Nikamwomba aahirishe safari kwa siku mbili tu, tarehe yake ya hospitali ilikuwa bado. Tukazungumza peke yetu kwanza, maana ndugu zake walikuwa bado wanaiita saratani "uvimbe". Wanaficha kwa mapenzi, naelewa, lakini mgonjwa hubaki peke yake na jambo analolijua tayari.

Nilimuuliza maswali ya sonona. Dodoso tunalotumia lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, ila kwa mgonjwa wa saratani usingizi na hamu ya kula huvurugwa na maumivu yenyewe. Kwa hiyo nasikiliza zaidi mengine: bado unawafurahia wajukuu? Unajiona mzigo? Umewahi kutamani usiamke? Hilo la mwisho naliuliza waziwazi. Kuuliza hakumpi mtu wazo, humpa ruhusa ya kusema.

Kisha nikampitisha katika siku za mwanzo. Utaamka na tundu la kupumulia kooni, kwa hiyo sauti haitatoka. Mpira wa kulishia utakuwa puani. Uso utavimba sana, na huo sio uso utakaobaki nao, uvimbe hupungua kwa wiki na miezi. Muuguzi atakuja kila saa kugusa na kutazama rangi ya nyama iliyopandikizwa. Huo ni ulinzi, si dalili ya hatari. Tukachora kadi za kuonyesha kwa kidole: maumivu, kohozi, mguu, mwite binti yangu. Yeye akaongeza moja ambayo nisingeifikiria: udhu.

Kwa binti yake nilisisitiza jambo moja. Mama akianza kuweweseka usiku, akaona watu wasiokuwepo, wasikimbilie kusema ni mashetani. Dawa, maumivu na kukosa usingizi huvuruga akili kwa muda. Mwambieni muuguzi papo hapo, mkae naye, mmwambie ni siku gani na yuko wapi, mmvalishe miwani yake.

Kioo tulikipangia: aguse kwanza kwa mkono, kisha atazame siku atakayochagua mwenyewe, binti akiwa pembeni. Simu zenye kamera zikae mbali hadi hapo, kwa sababu nimeona mtu akijiona kwa bahati mbaya kwenye kioo cha simu ya mgeni, akakataa kufunua uso kwa wiki nzima.

Amesharudi, na mionzi amemaliza. Sasa anakula uani na mjukuu mmoja, wali uliolainishwa kwa mchuzi, kitambaa mapajani. Kuna harusi ya mpwa wake Pongwe mwezi ujao, na bado hajaamua kama ataenda. Tunalizungumza kila Alhamisi.