Nyoka wa "pua nne" hana pua nne

Huko Meksiko, nyoka mwenye sumu kali ambaye wanasayansi humwita Bothrops asper hujulikana kama nauyaca, jina la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa asili wa huko, lenye maana ya "pua nne". Mtazame uso kwa karibu: kila upande, kati ya jicho na tundu la pua, kuna kishimo. Ni rahisi basi kudhani ananusa kwa matundu yote manne.

Sivyo kabisa. Vishimo hivyo havinusi chochote. Ndani yake kuna utando, mwembamba kuliko karatasi, uliojaa neva zinazohisi joto. Panya akipita gizani, joto la mwili wake huupasha utando huo kidogo mno, na nyoka anajua aelekeze kichwa wapi. Mwaka 1937 watafiti Noble na Schmidt waliwaziba macho nyoka wa jamii hii, lakini bado waligonga balbu zenye joto na kuziacha za baridi.

Harufu huichukua hasa kwa ulimi, ule anaouchomoa na kuurudisha kila mara. Bafe wetu wa Afrika ni wa ukoo huohuo, ila vishimo hana. Kwa hiyo mkulima wa Costa Rica, ambako nauyaca pia huishi, anayepita shambani usiku avae buti na abebe tochi: nyoka amekwisha kumhisi kitambo, yeye bado hajamwona.