Kumtishia mvuvi kifo hakumvalishi jaketi

Jambo hili tuliache sasa. Kila mtumbwi ukizama, na kila ifikapo tarehe 21 Mei tunapowakumbuka watu wa MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria mwaka 1996, waliozikwa Igoma, anasimama mtu mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, na kuwaambia wavuvi: wazeni kifo chenu, mtajihadhari. Picha za maiti zinapitishwa kwenye simu, watu wanaguna na kutikisa vichwa. Jioni mitumbwi ya dagaa inatoka, majaketi okozi yamebaki stoo kwa tajiri mwenye mitumbwi. Halafu wavuvi wanaitwa wakaidi.

Mvuvi akisema "binadamu wote tutakufa" bado hajawaza kifo chake. Amejibanza nyuma ya hilo neno "wote". Ndiyo maana wanasaikolojia wa Marekani Jeff Greenberg, Tom Pyszczynski na Sheldon Solomon, walioijenga nadharia yao ya jinsi watu wanavyoikabili hofu ya kifo tangu miaka ya 1980 wakiegemea maandishi ya mwanaanthropolojia Ernest Becker, humwuliza mtu habari zake mwenyewe. Washiriki huandika majibu ya maswali mawili: ukifikiria kufa kwako unahisi nini, na mwili wako utapatwa na nini unapokufa na ukishakufa. Kundi la kulinganisha huulizwa vivyo hivyo kuhusu maumivu ya jino. Kisha watu hupewa kazi nyingine ya dakika chache isiyohusu kifo, na baada ya hapo ndipo tabia hupimwa. Wanaoitaja nadharia hii kwenye semina huiruka hiyo kazi ya katikati, na humo ndimo jambo lenyewe lilipo.

Nadharia inasema akili hujikinga mara mbili. Kinga ya kwanza huja papo hapo, wazo la kifo likiwa bado mbele ya macho. Mtu hutafuta sababu ya kusema "si mimi, si leo": wale walikuwa wamelewa, mtumbwi wao ulikuwa unavuja, mimi nalijua ziwa hili tangu utotoni. Au, ikiwa pana jambo la kufanya lililo karibu na rahisi, analifanya ili moyo utulie. Njia zote mbili huiondoa hofu, na akili huchukua iliyo nyepesi zaidi. Jaketi likiwa stoo, iliyo nyepesi ni kukanusha.

Kinga ya pili huja wazo likishatoka kwenye fahamu lakini halijafutika. Hapo mtu hashughuliki tena na kifo. Anashikilia kile kinachompa thamani: imani yake, kabila lake, jina lake mbele ya wenzake. Hapa ndipo hotuba za vitisho zinaponikera. Mwaka 1999, Orit Taubman-Ben-Ari na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia askari wa Israeli kuhusu uendeshaji magari. Wale walioona udereva kuwa sehemu ya heshima yao, wakikumbushwa kifo, walielekea kuendesha kwa hatari zaidi. Sasa mfikirie nahodha wa miaka 25 pale Igombe au Ukara ambaye sifa yake yote ni kutoogopa mawimbi. Umemkumbusha kifo, umemwacha aende zake, na saa mbili baadaye anakishika kitu pekee kinachomfanya ajione mtu: ushujaa wake. Jaketi kwake ni alama ya mwoga. Inawezekana kabisa umemsukuma mbali nalo.

Nasema inawezekana kwa sababu ushahidi wenyewe una nyufa. Mradi wa maabara nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulirudia jaribio moja la msingi la nadharia hii, na athari iliyotarajiwa haikuonekana. Kwa hiyo kinga ya pili naishika kwa mkono mmoja. Na mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba, kwa wastani, ujumbe wa kutisha husaidia, na husaidia zaidi ukiambatana na maelezo ya nini kifanyike na kwamba mhusika anakiweza. Hilo naliamini zaidi. Linakubaliana na kinga ya kwanza: hofu bila kazi ya mikono hugeuka kukanusha.

Basi ukitaka kuongea na wavuvi, acha kuwaita wiki ya mbalamwezi kwa kuwa tu ndipo wamepumzika nchi kavu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; giza likirudi na wakaanza kutoka tena, wazo uliloliamsha limeshazama. Ongea alasiri, taa zikiwa zinaandaliwa. Majaketi yawe yametandazwa mchangani kabla hujafungua kinywa, saizi tofauti, mikanda imekaguliwa. Usionyeshe maiti. Uliza swali moja tu, kwa upole: usiku wa leo mtumbwi ukipinduka, wewe mwenyewe utafanya nini dakika ya kwanza? Waache wajibu. Jibu la kwanza karibu siku zote ni mzaha; ngoja la pili. Kisha, bila kuongeza mahubiri, kila mmoja avae lake, afunge mikanda yote, mwenzake amvute mabegani kuona kama linapanda mpaka masikioni. Likipanda ni kubwa mno au halijakazwa. Nahodha avae kwanza, mbele ya vijana wake, maana hapo heshima inahamia upande wa jaketi. Tajiri akubali yakae mtumbwini. Asipokubali, mkutano wote ni bure, na lawama apelekewe yeye.

Swali hilo halimfai kila mtu. Aliyefiwa karibuni, au asiyelala kwa wiki nzima akiwaza kufa, mchukue pembeni baadaye. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Tafiti hazijaonyesha kwamba kuuliza humpandikizia mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na ziwani asiende.

Kuhusu imani, wanaodai kwamba anayeogopa kufa hana dini wanakwenda mbio mno. Matokeo ya tafiti hapo yanagongana, na kumwaibisha mtu kwa hofu yake kunamfundisha kuificha tu.

Mwisho wa mkutano usihesabu mikono iliyonyooshwa. Kaa mwaloni mitumbwi inapotoka, hesabu majaketi yaliyofungwa mwilini. Rudi usiku wa tatu wa giza uhesabu tena, bila kumwambia mtu kwamba utakuja.