Je, wajua kwa nini, katika riwaya ya taharuki, siri ya shoga, kwa maana ya Pwani ya mwanamke aliye rafiki wa chanda na pete wa mwanamke mwenzake, humshika msomaji kuliko bastola?

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hufunga sanduku la fedha kwa makufuli 3. Funguo hushikwa na wanachama 3 tofauti, na sanduku lenyewe hukaa nyumbani kwa mtu wa nne, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Sasa wape kazi hiyo wanawake 4 walioshibana tangu utotoni. Siku ya mgao sanduku linawekwa katikati ya mkeka, linafunguliwa mbele ya wote. Makufuli mazima, fedha hakuna.

Hapo hapana maiti wala bastola, na bado msomaji hakiweki kitabu chini. Makufuli mazima yamekwisha kusema kwamba hakuna aliyevunja: funguo zilitolewa. Katika hadithi ya kawaida ya upelelezi hatari hutoka nje, na mpelelezi huifuata mlango kwa mlango. Hapa hatari imekaa mkekani, imekula sinia moja na wenzake, inajua mtoto wa nani ana pumu na mume wa nani halali nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako. Riwaya ya taharuki kuhusu mashoga husimama juu ya methali hiyo.

Ila kushukiana peke yake hakuleti taharuki. Mwaka 1962 mwongozaji filamu Alfred Hitchcock alimweleza mwenzake François Truffaut tofauti ambayo waandishi wanaitumia mpaka leo. Watu wanazungumza mezani, ghafla bomu linalipuka chini ya meza: watazamaji wamepata mshtuko wa sekunde 15. Lakini waonyeshe bomu kwanza, wajue litalipuka saa saba, na saa ya ukutani inasema saa saba kasorobo. Mazungumzo yale yale ya kuchosha sasa yanawapa dakika 15 za kukaa roho juu.

Rudi kwenye sanduku. Mwandishi akificha kila kitu hadi siku ya mgao, amepata ukurasa mmoja wa mshtuko. Akimwonyesha msomaji mapema jinsi kila ufunguo ulivyotoka mkononi mwa mwenyewe, anapata kitabu kizima. Tuseme mtunza sanduku ni Saumu. Rehema alimwachia ufunguo alipolazwa hospitali kwa jambo ambalo mumewe hakutakiwa kulijua. Zuhura aliuweka rehani kwake apate karo, mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani. Mwanaidi alikimbia kipigo usiku, akamkabidhi furushi lake lote, na ufunguo ulikuwa umefungwa fundo kwenye pindo la kanga iliyokuwa ndani ya furushi hilo. Kila mmoja alijipa moyo kwa hoja ile ile: ufunguo wangu mmoja hauwezi kufungua makufuli matatu.

Ndipo tunapofika kwenye swali linaloua riwaya nyingi za aina hii: kwa nini asiseme tu? Msomaji akilijibu kwa kusema "kwa sababu mwandishi hataki", kitabu kimekufa. Katika hadithi ya majasusi au majambazi mwandishi hulazimika kutunga sababu za watu kunyamaza, na nyingi hazishawishi. Katika urafiki sababu ipo tayari. Anayesema "niliutoa ufunguo" ataulizwa "kwa nini?", na jibu la swali la pili ni zito kuliko fedha zilizopotea. Isitoshe, Zuhura aliyaona majeraha ya Mwanaidi akaapa kutosema, kwa hiyo hawezi kujitetea bila kumvua nguo mwenzake. Anayenyamaza ananyamaza kwa upendo, na ukimya huo huo ndio unaomfanya aonekane mwizi. Sijui silaha nyingine inayofanya kazi hivyo.

Idadi nayo ina kazi yake. Wakiwa 2, kuna uhusiano mmoja tu, na shaka ina mahali pamoja pa kwenda. Wakiwa 3, jozi ni 3, na kila jozi ina mtu wa kumsema asiyekuwepo. Wakiwa 4, jozi ni 6. Wakifika 5 jozi zinakuwa 10, na msomaji anaanza kurudi nyuma kutafuta nani ni nani.

Liane Moriarty wa Australia alilijua hili alipoandika "Big Little Lies", iliyotoka mwaka 2014 na kufanywa tamthilia ya televisheni mwaka 2017. Kurasa za mwanzo zinatuambia kuna mtu amekufa kwenye tafrija ya wazazi wa shule. Nani amekufa, nani ameua, hatuambiwi. Hadithi inarudi miezi 6 nyuma, na vichwa vya sura vinahesabu muda uliobaki kabla ya usiku ule: ndiyo saa ya ukutani ya Hitchcock. Katikati yake zinapenyezwa kauli fupi za wazazi wengine, wanaopingana wao kwa wao. Mwisho wake siusemi, asiyesoma asiharibiwe.

Anayetaka kujaribu mwenyewe achore jedwali. Mistari iwe sura, safu za wima ziwe wanawake 4, na safu ya tano iwe ya msomaji. Katika kila kisanduku andika huyu anajua nini hadi hapo. Mstari wowote ambao safu zote 5 zinalingana, taharuki imezimika; sura hiyo ikatwe au iongezwe siri. Jedwali pia hufichua kosa baya kuliko yote, la msimulizi wa nafsi ya kwanza anayemficha msomaji jambo analolijua yeye. Huo ni udanganyifu. Dawa yake ni kuwabadilisha wasimulizi, kila mmoja aeleze alichokiona yeye.

Simu nayo isikimbiwe. Kuzima chaji kila inapohitajika kumechosha wasomaji. Afadhali ujumbe utumwe kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane, na asubuhi wote wakute maneno "Ujumbe huu umefutwa" chini ya jina la Rehema.

Na tafadhali, kabla ya kumtia mmoja wao hatiani, mwandishi atupe matendo mawili matatu ya wema wa kweli baina yao: aliyekesha hospitalini, aliyeuza hereni zake mwenzake apate nauli ya msibani. Waandishi wanaoanza na "wanawake hawapendani" hawana cha kuvunja, maana hawakujenga kitu. Sanduku linapofika mkekani na mikono mitatu inafungua mapindo ya kanga kutoa funguo, msomaji anapaswa kutamani kwamba mwizi asiwe yeyote kati yao, huku akijua kwamba mafundo yote matatu yaliwahi kuwa matupu.